Saa ya Fundi Inabebwa na Mradi Upi?

Mwisho wa mwezi, mkandarasi mdogo wa Dar es Salaam anajua vizuri amelipa mishahara kiasi gani. Muulize ukarabati wa shule kule Kibaha umebeba kiasi gani cha mishahara hiyo, na ghala la Chang'ombe kiasi gani, atakutajia makadirio ya kichwani. Na bei ya zabuni inayofuata inapangwa kwa makadirio hayohayo.

Zana ya kumsaidia mara nyingi tayari imo kwenye kompyuta ya ofisi yake. Tally, programu ya kutoka India iliyoenea sana kwetu, ina kinachoitwa kituo cha gharama: kila malipo, yawe mshahara au mafuta ya gari, yanaweza kupachikwa jina la mradi. QuickBooks na Sage nazo zina njia zao. Mhasibu huifungua programu hiyo kila siku kutoa ankara na kuandaa ritani za VAT, lakini mishahara ya saiti zote anaiweka kwenye leja moja.

Hata wanaogawa gharama kwa mradi hukosea kwenye bei ya saa. Chukulia fundi umeme wa mshahara wa Sh900,000 kwa mwezi. Kwa wiki ya saa 45, ambao ndio ukomo wa kawaida kisheria, saa yake inaonekana kugharimu Sh4,615. Sasa ongeza mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo kiwango chake cha asilimia 3.5 kiliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fundi yuleyule anagharimu Sh1,026,000. Toa pia siku 28 za likizo, ambazo analipwa bila kuwepo saiti, na saa moja inafika Sh5,700, hapo sikukuu hazijaguswa. Ni tofauti ya zaidi ya Sh1,000 kila saa, kwa kila fundi. Mkandarasi aliyeshinda zabuni kwa bei ya Sh4,615 ameanza kazi akiwa na shimo.

Kazi ngumu zaidi iko nje ya kompyuta. Hakuna programu itakayojua kwamba Jumanne saa sita mchana fundi huyo alitolewa Kibaha akapelekwa Chang'ombe, kama fomeni hakuandika. Daftari la mahudhurio linaonyesha tu kwamba alikuwepo kazini. Kinachotakiwa ni saa na jina la mradi, viandikwe siku ileile na vifike ofisini kabla wiki haijaisha, hata kwa picha ya simu. Saa zinazokumbukwa tarehe 28 ni za kubuni. Saa za ziada nazo ziandikwe peke yake, maana sheria inataka zilipwe angalau mara moja na nusu.

Mhasibu achunge jambo moja: akiingiza saa kwa bei yake kwenye mradi, kisha akaupachikia mradi huohuo mishahara ya mwezi, gharama imehesabiwa mara mbili.

Masurufu yana tabu yake. Msimamizi anachukua fedha za nauli, chakula cha vibarua na misumari, anarejesha rundo la risiti wiki tatu baadaye, na nusu ya risiti hizo hazisemi zilihudumia saiti ipi. Mamlaka ya Mapato inataka risiti ya EFD. Mwenye kampuni anapaswa kutaka pia jina la mradi liandikwe nyuma yake palepale dukani.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yalilazimika kujifunza haya mapema. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani hazikubali bajeti peke yake kuwa ushahidi wa mshahara uliotozwa kwenye mradi. Zinadai kumbukumbu za kazi iliyofanyika. Mkandarasi hana mfadhili wa kumkagua hivyo, na naamini ndiyo sababu amechelewa.

Lakini faida ni yake. Ripoti ya Jumatatu ikionyesha kwamba saa 600 kati ya 1,000 zilizopangwa zimekwisha huku kuta ndiyo kwanza zinafika linta, bado anaweza kupanga upya vibarua, au kumwandikia mteja kudai malipo ya kazi ya nyongeza iliyoagizwa kwa mdomo.