Gurudumu jipya kwa pikipiki ya zamani: mupime mbele ya kununua

Wandugu wanamemba wa koperative, kahawa mbivu haingojei garaji. Ikivunwa asubuhi, inapaswa kupita kwenye mashine ya kutoa maganda siku ileile. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na ile harufu haitoki tena hata muioshe namna gani. Kwa hiyo mutu akituuliza agronome anatafuta nini katika maneno ya pikipiki, jibu letu liko hapo. Upande wa Kalehe na Kabare, muzigo unatoka shambani juu ya mugongo wa mutu, kiisha unamaliza njia juu ya pikipiki. Pikipiki ikisimama, kazi ya mwaka muzima inasimama nayo. Na kinachoisimamisha, mara nyingi, ni gurudumu la nyuma.

Pikipiki nyingi za koperative ni za kurithi. Muradi ulifungwa, wenye muradi wakaenda, pikipiki ikabaki. Ile tunakutana nayo sana ni Yamaha AG100: iko na portebagaji mbele na nyuma, na shene imefunikwa ndani ya boxi yake. Ilitengenezwa kwa kazi ya shamba, na zile herufi AG zinasema hivyo. Mota yake ingali na nguvu. Lakini jante imekula kutu, reyo zinakatika mbili mbili, na kipande chake cha kubadilisha kinatafutwa wiki muzima. Wakati huohuo, magurudumu ya Boxer na TVS yanatundikwa kwenye kila duka la barabarani. Fundi anasema: "Tuweke ya kisasa, tumalize."

Inawezekana. Tumeona zile zinatembea muzuri miaka na miaka. Lakini gurudumu si kitu cha mviringo tu chenye kujaa ao kukataa kujaa kwenye fasi yake. Linashika akse, linashika shene, na zaidi ya yote linashika freni.

Kwanza, kwa nini la zamani lilivunjika?

Mbele ya kutafuta lingine, mufanye hesabu hii. Pikipiki ndogo iko na kilo 100 hivi, na nusu yake inakaa nyuma: 50. Dereva wa kilo 70 analeta nyuma kama 45. Magunia mawili ya kilo 60 juu ya portebagaji ni 120, na karibu yote inakandamiza nyuma. Munafika 215. Sasa muangalie namba kwenye ubavu wa pine. Nyuma ya kipimo, kwa mufano 3.00-18, kuna namba ndogo yenye herufi, kama 47P ao 52P. Ile 47 maana yake pine inabeba kilo 175. 50 ni kilo 190. 52 ni kilo 200. Hiyo ni pine mupya, yenye upepo wa kutosha, kwenye njia nzuri. Njia zetu munazijua.

Gurudumu la kisasa halibadilishi ile hesabu. Koperative yenye kubeba magunia mawili itavunja la kisasa pia, na la aluminiamu ya kumwaga (lile lenye mikono minene pahali pa reyo) likipasuka kwa jiwe hakuna wa kulinyoosha. La reyo likipinda, fundi wa kijiji anakaza huku, analegeza kule, munaenda.

Juu ya ile, shauri letu la kwanza linashangaza watu: kama kitovu cha zamani kingali kizima, mukiache pahali pake. Munununue jante mupya na reyo mupya, mushone juu ya kitovu kilekile. Muhesabu matundu mbele ya kulipa. Mengi ni 36, lakini muhesabu. Na mukiacha jante ya 18 kwenda ya 17, reyo za zamani zitakuwa ndefu, vichwa vitatokeza ndani na kutoboa shambreri. Reyo zinanunuliwa pamoja na jante, kwa kipimo cha kile kitovu. Freni inabaki ileile, shene inabaki ileile, akse ileile. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mutu anayejua.

Ginsi ya kujua kitovu ni kizima? Mufungue, muangalie ndani ya tambure, fasi sabo zinasugua. Mara nyingi kuna maandishi yenye kuonyesha upana wa mwisho, kwa mufano 111 mm kwa tambure ya 110. Ikipita pale, ao ikiwa imekuwa kama yai, ao matundu ya reyo yamepasuka kwenye kitovu chenyewe, basi kitovu kimekufa. Hapo ndipo tunakubali gurudumu lingine zima.

Mununue familia yote

Duka litauzisha gurudumu peke yake kwa bei nzuri. Musikubali. Muombe gurudumu pamoja na akse yake, vibomba vyake vyote, sahani ya freni yenye sabo, kurone, na vile vipande vya mupira vinavyokaa kati ya kurone na kitovu. Kimoja kikikosekana, fundi atakitengeneza kwa akili yake, na akili yake siku hiyo inaweza kuwa bati la boxi ya nyanya lililozungushwa kwenye akse. Tumeliona mara nyingi kuliko tunavyopenda. Bati linasagika, akse inaanza kucheza, rulema zinakufa.

Akse ndiyo ya kupima kwanza, kwa kipimo cha fundi, si kwa jicho. Pikipiki ndogo nyingi ziko na akse ya 12 mm ao ya 15 mm. Namba ya rulema inasaidia: 6301 iko na tundu la 12, 6202 na 6302 ziko na tundu la 15. Kama tundu ni 15 na akse yenu ni 12, turnere achonge kibomba cha chuma cha kujaza ile tofauti, kikae bila kucheza. Kama ni kinyume, akse ni nene kuliko mufereji wa furshe ya nyuma, tunapenda mutafute gurudumu lingine kuliko kukula furshe kwa tupa.

Ndani ya kitovu, kati ya rulema mbili, kuna kibomba kingine ambacho watu wanakisahau kwa kuwa hakionekani. Bila kile, mukikaza ekuru, rulema zinakandamizana ndani na kuharibika upesi. Muingize kidole, mukiguse, mbele ya kufunga.

Kiisha upana. Gurudumu la kisasa linaweza kuwa jembamba kuliko fasi iliyo ndani ya furshe. Vibomba vya kulia na vya kushoto vitajaza ile fasi, lakini si nusu kwa nusu. Shene ndiyo inaamua: kurone inapaswa kutazamana sawasawa na pinyo ya mbele. Shene zenyewe ziko na namba. 420 na 428 ziko na hatua moja ya 12.7 mm lakini upana haulingane, kwa hiyo kurone ya 428 haiingie katika shene ya 420. Kama kurone ni ya 420 na shene yenu ni 428, shene itacheza na kula meno. Mubadilishe yote matatu, pinyo, kurone na shene, ao mutafute kurone ya namba yenu.

Wenye AG100 waangalie kitu kimoja zaidi. Kurone kubwa ya pikipiki ingine inaweza kugusa boxi ya shene. Fundi atashika musumeno. Ile boxi ndiyo inazuia udongo wa Kivu kuingia kwenye shene. Mukiikata, mutanunua shene kila musimu. Tunaona afazali kurone yenye meno machache ambayo inaingia ndani.

Kuhusu 17 na 18: pikipiki nyingi za kisasa za kubeba abiria ziko na jante ya 17, za zamani nyingi ni 18. Kwa pine ya upana uleule, nyuma inashuka kama sentimetre moja na kidogo, mbio inapungua kama 4 kwa 100, na pikipiki inavuta kidogo zaidi kwenye mulima. Hakuna wa kulalamika juu ya hiyo.

Freni: hapa hatucheze

Sahani ya freni inabeba sabo na inakaa ndani ya tambure. Dereva akikanyaga, sabo zinashika tambure, na tambure inataka kuzungusha ile sahani pamoja na gurudumu. Kinachoizuia ni fimbo moja ya chuma kati ya sahani na furshe, ao jino la furshe lenye kuingia katika sahani. Kwenye pikipiki iliyobadilishwa gurudumu, fimbo ya zamani mara nyingi haifikie sahani mupya. Fundi anaweza kuifunga na waya ya kufungia mabati. Ao anaiacha, kwa kuwa gurudumu linazunguka muzuri kwenye garaji.

Kwenye muteremko, na magunia nyuma, dereva anakanyaga freni. Sahani inazunguka, inakata fimbo ya freni, gurudumu linaziba palepale ao freni inapotea kabisa. Kwenye zile kona za juu ya ziwa, mutu hapati nafasi ya kufikiri.

Kwa hiyo: fimbo ya chuma kizima, si bomba lililofinywa. Bulo ya 8 mm ao zaidi, yenye 8.8 kwenye kichwa, na gupiye kwenye kila ekuru. Kama inapaswa kupiga sudire kishikio kwenye furshe, apige mutu anayejua, maana chuma cha furshe ni chembamba na moto mwingi unakitoboa. Kiisha mutu mumoja akanyage freni kwa nguvu zake zote huku mwengine anasukuma pikipiki. Sahani ikisogea hata kidogo, pikipiki haitoki.

Kamba ya kupandia

Munaijua kamba ya kupandia mistari ya maharagi. Inatosha pia hapa. Muivute kutoka ubavu wa pine ya nyuma mupaka ya mbele, upande wa kushoto na wa kulia, pikipiki ikisimama sawasawa na usukani umenyooka. Pine ya mbele ni nyembamba zaidi, kwa hiyo itabaki nafasi kila upande. Ile nafasi inapaswa kulingana. Ikitofautiana, murekebishe visi vya kuvuta shene. Ikiwa akse imenyooka na tofauti ingali pale, gurudumu limekaa pembeni: la reyo linaweza kusogezwa kwa kukaza upande mumoja, la kumwaga haliwezekani, ni vibomba tu. Shene icheze kati ya 20 na 30 mm katikati, dereva akiwa amekaa.

Siku ya kwanza, bila muzigo, kwenye njia ya usawa, mbio ya mutu anayetembea. Mushike freni mara kumi. Kisha muguse kitovu: kikiwaka moto, sabo zinakwaruza ao rulema zimebanwa. Siku ya pili gunia moja. Nyuma ya kilometre 50 mukaze tena reyo, ekuru ya akse na bulo ya fimbo ya freni.

Na muandike katika kaye ya koperative: namba ya rulema, namba ya shene, meno ya kurone na ya pinyo, unene wa akse, na gurudumu linatoka kwa pikipiki gani. Fundi wa mwaka ujao ataona kibao cha Yamaha kwenye tanki, ataagiza rulema za Yamaha, na hazitaingia. Dereva ashike kopi ya ile karatasi chini ya kiti, ndani ya saketi ya plastiki.