Kinu cha Maji cha Peirce

Kinu cha Peirce kimesimama kando ya kijito cha Rock Creek, jijini Washington, Marekani. Isaac Peirce alikijenga kwa mawe mwaka 1829. Maji ya mfereji yalisukuma gurudumu kubwa, nalo, kupitia magurudumu ya meno, likazungusha jiwe la juu la kusagia. La chini halikusogea. Mahindi na ngano vilisagwa katikati. Ndoo ndogo zilizofungwa kwenye mikanda zilipandisha nafaka ghorofani, mfumo wa mvumbuzi Oliver Evans, wa werevu kwelikweli, maana uliwapunguzia watu adha ya kubeba magunia. Mhimili ulivunjika mwaka 1897, biashara ikafa. Jengo likageuzwa mgahawa wa chai, hadi serikali ilipolikarabati miaka ya 1930. Kinu kilisaga tena kwa vipindi, kikakwama 1993, kikafufuliwa 2011.