Ritifaa ya Mang'onyi: Tahajia ya Kiswahili na Usalama wa Tovuti

Mang'onyi ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Ritifaa iliyomo katika jina hilo si pambo. Katika tahajia sanifu ya Kiswahili ndiyo inayotenga nazali tupu ya kaakaa laini na ile inayofuatwa na kipasuo, kama ng'oa na ngoa zinavyoshuhudia. Lakini katika SQL, lugha ambayo kwayo hifadhidata nyingi huamriwa, alama hiyohiyo hufungua na kufunga maneno.

Hapo ndipo tahajia na usalama hukutana. Itazamwe programu ya seva inayopokea jina la kata kutoka kwa msomaji wa tovuti na kuliunga moja kwa moja na amri: kata = 'Mang'onyi'. Hifadhidata husoma 'Mang', hudhani neno limekwisha, kisha hujikwaa kwenye onyi. Mwananchi huona ujumbe wa kosa. Mwenye nia mbaya hung'amua kwamba maandishi yake yanaweza kusomwa kama amri. Baada ya ritifaa ataongeza sharti lisiloweza kuwa uongo, mathalani 1 = 1, na kuletewa kumbukumbu za watu wote. Hila hii Jeff Forristal aliieleza hadharani katika jarida la Phrack mwaka 1998.

Wapo wanaofuta ritifaa zote. Ni tiba mbovu: Mang'onyi hugeuka Mangonyi, wala mlango haufungwi, kwa kuwa penye tarakimu mvamizi hahitaji ritifaa. PHP nayo ilikuwa na utaratibu wa kutanguliza mkwaju wa kinyume, ulioacha majina ya namna ya Mang\'onyi. Ukaondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012.

Njia ya kutegemewa ni kutenga amri na data. Programu hutanguliza amri yenye nafasi tupu, kata = ?, nayo hifadhidata huichambua. Ndipo jina hupelekwa peke yake kujaza nafasi hiyo. Likifika hivyo, chochote kilichomo husomwa kuwa jina tu. Katika PHP nyenzo ya kazi hiyo ni PDO, iliyoingizwa katika toleo la 5.1 mwaka 2005.

Limebaki suala la ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu na programu za kuandikia huiweka badala ya iliyonyooka. Hiyo kwa kawaida haivunji amri, ila anayetafuta Mang'onyi kwa alama moja huenda asilipate lililoandikwa kwa nyingine. Yafaa zote zigeuzwe umbo moja kabla ya kuhifadhiwa. Na umbo lipi, hilo ni la wanaisimu kuamua kuliko wataalamu wa kompyuta.