Kiunganishi "Au" katika Lugha za Programu za Wavuti

Katika sarufi ya Kiswahili, "au" na "ama" ni viunganishi ambavyo aghalabu hubadilishana nafasi bila kuathiri maana. Muuza ndengu wa Salama, katika Kaunti ya Makueni, akimwambia mteja alipe leo au kesho, ama alipe leo ama kesho, ameeleweka. Lugha za kompyuta hazina ulegevu huo. Kila moja ina "au" yake.

Chukulia kwamba mfanyabiashara huyo ameundiwa daftari la madeni la kutumika kwenye wavuti, lenye agizo hili: onyesha deni la mteja au maneno "halijaandikwa". Katika JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, kiunganishi hicho huandikwa kwa mistari miwili wima (||), nacho hurudisha mojawapo ya vitu viwili vilivyounganishwa. Deni likiwa shilingi 300, itaonekana 300. Tatizo huzuka kwa aliyekwisha kulipa. Deni lake ni 0, na JavaScript huihesabu nambari 0 kuwa si kweli. Basi mtu aliyejitahidi kumaliza deni huonekana kama ambaye hesabu yake haijulikani. Ajabu ni kwamba sifuri hiyo ikihifadhiwa kama maandishi, "0", huhesabiwa kuwa kweli na kuonyeshwa ilivyo. Kwa PHP, hata maandishi hayo si kweli.

Isitoshe, mistari ileile katika PHP hurudisha jibu la kweli au si kweli tu, na kweli ikichapishwa hutokea 1. Agizo lililotajwa lingewadai wateja wote shilingi moja! PHP pia hukubali neno "or", lakini halilingani na mistari hiyo kama "ama" inavyolingana na "au": alama ya kuhifadhi thamani hutangulia kutekelezwa, hivyo kilicho upande wa kulia wa "or" hakihifadhiwi.

Ili kutenganisha sifuri na kitu kisichokuwepo, PHP ilipata alama ya ?? katika toleo la 7, mwaka 2015. JavaScript iliipata mwaka 2020. Python, yenye "or" inayofanana na || ya JavaScript, haina alama hiyo. Katika Ruby, sifuri ni kweli tangu awali, na mteja aliyelipa angeonyeshwa 0 yake bila hila yoyote.