Je, Wajua? Tobo lililoizamisha MV Bukoba

Meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria asubuhi ya Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza. Ilitoka Bukoba na kupitia bandari ya Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini siku hiyo ilijazwa kupita kiasi, ikiwa na shehena ya ndizi pia.

Meli haikuzama papo hapo. Hewa iliyonaswa ndani iliifanya ielee kichwa chini, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga chuma kuomba msaada. Waokoaji walipotoboa tumbo la meli ili wawatoe, hewa ilitoka, maji yakachukua nafasi yake, nayo ikazama. Uamuzi huo uliwauma na kuwakasirisha wananchi wengi, na hasira hiyo ilikuwa ya haki.

Rais wa Tanzania wakati huo, Benjamin Mkapa, alitangaza siku tatu za maombolezo. Idadi kamili ya waliokufa haijulikani, kwani abiria wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Makadirio ni kati ya 800 na 1,000. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, ambako kumbukumbu hufanyika kila Mei 21.