Mnunuzi alipatikana kwa wiki mbili, ‘ndiyo’ ya benki ikachukua miezi mitatu

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema mtu afanye nini iwapo hata akiuza kile alichoweka rehani, pesa hazitoshi kumaliza deni.

Hilo ndilo swali lililomkabili mfanyabiashara mmoja wa Njoro, Kaunti ya Nakuru, mapema mwaka wa 2019. Alikuwa na shamba la ekari tatu, nyumba ya mawe na duka la agroveti sokoni. Hatimiliki ya shamba ilikuwa benki. Deni lilikuwa limefika Sh4.9 milioni na lilizidi kupanda kila mwezi. Shamba lote pamoja na nyumba lilikadiriwa kuwa la Sh4.8 milioni.

Aliyemsaidia ni ajenti wa kuuza mashamba na ploti mjini Nakuru, mama ambaye wakati huo alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka 11. Aliomba tusimtaje yeye, mteja wake wala benki husika, kwa kuwa angali anapeleka wateja katika benki iyo hiyo. Hata hivyo, alikubali kutufungulia faili, akitaraji kwamba mkulima au mwenye duka aliye katika hali kama hiyo atajifunza jambo.

“Watu hudhani kazi ngumu ni kutafuta mnunuzi,” asema. “Mnunuzi nilimpata kwa wiki mbili. Benki kusema ndiyo kulichukua miezi mitatu, na karibu shamba lipigwe mnada huku wakiendelea kufikiria.”

Shida ilivyoanza

Mkopo wenyewe ulikuwa wa Sh4 milioni, uliochukuliwa mwaka wa 2014 kupanua agroveti. Kwa miaka miwili ya kwanza mambo yalikwenda vyema. Kisha mwaka wa 2017 viwavijeshi vipya vikaingia nchini na kushambulia mahindi. Wateja wengi wa duka hilo walikuwa wamechukua mbegu na mbolea kwa mkopo, wakiahidi kulipa baada ya mavuno. Mavuno yakawa haba. Daftari la madeni likajaa majina, lakini rafu zikabaki tupu.

Malipo ya kila mwezi yakaanza kuchelewa, halafu yakakwama. Benki ikatuma notisi ya kwanza. Mzee akaiweka ndani ya droo ya duka na kuifunga.

Ajenti aliitwa mwishoni mwa Februari 2019, wakati notisi ya pili ilikuwa imefika. Swali lake la kwanza halikuhusu bei.

“Nilimuuliza, ‘Mzee, mama anajua?’ Akanyamaza. Nikajua tuna kazi mbili.”

Mama alijua siku hiyo hiyo. Sheria inaitaka benki impe mke au mume nakala ya notisi ya kuuza, na ndiyo iliyokuwa imefika nyumbani. Kwa siku tatu wenye boma hawakusemezana. Lakini bila sahihi ya mke hakuna mauzo ya hiari ambayo yangewezekana, kwa kuwa nyumba ya familia imo ndani ya shamba hilo. Ajenti alirudi mara mbili kuketi na wote wawili mezani kabla ya kutafuta mteja.

Sheria inasemaje

Ni vyema msomaji aelewe saa zinavyohesabiwa. Kulingana na Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopaji akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, benki yaweza kumpa notisi ya muda usiopungua miezi mitatu arekebishe hali. Hayo yamo katika kifungu cha 90. Muda huo ukiisha, kifungu cha 96 kinaitaka benki itoe notisi ya kuuza na kungoja angalau siku 40. Baada ya hapo dalali naye, kwa mujibu wa kanuni za madalali za 1997, hutoa notisi ya siku 45 ya kukomboa mali, kisha huitangaza gazetini angalau siku 14 kabla ya mnada.

Ukizijumlisha ni zaidi ya miezi sita. Wengi huipoteza miezi hiyo kwa kujificha na kuzima simu, ilhali ndiyo nafasi ya kuuza wenyewe kwa bei nzuri.

Lakini mwenye shamba hawezi kuuza tu. Msajili wa Ardhi hasajili uhamisho wa ardhi iliyowekwa rehani kabla ya kuona ruhusa ya maandishi ya mkopeshaji. Sheria inasema benki isikatae ruhusa hiyo bila sababu ya maana. Hata hivyo, bei ikiwa chini ya deni, benki ina sababu tayari: pesa zake hazijatimia. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Nchini Marekani mauzo ya aina hii yalikuwa mengi baada ya bei za nyumba kuporomoka kuanzia mwaka wa 2007. Huko pia maajenti walilalamika kwamba wanunuzi huchoka na kwenda zao wakingoja jibu la benki. Mpango wa serikali yao ulioanza Aprili 2010, na ambao ulifungwa mwaka wa 2016, uliwataka wakopeshaji walioshiriki wajibu ombi kamili ndani ya siku 10 za kazi. Kwetu sheria haijaweka siku za kujibu ombi kama hilo. Ni mkopaji na ajenti wake wa kusukuma.

Mlango usio wake

Katikati ya Machi mnunuzi alipatikana, mfanyabiashara wa mbao kutoka Molo, aliyekuwa tayari kulipa Sh4.5 milioni. Ajenti akaandika barua na kuipeleka kwa meneja wa tawi. Wiki mbili zikapita bila jibu. Alipofuatilia, aliambiwa kwa upole kwamba faili haiko Nakuru tena. Mkopo ukishaharibika, hutolewa tawini na kupelekwa idara ya kukusanya madeni katika makao makuu, Nairobi.

“Nilikuwa nabisha mlango usio wake,” asema. “Meneja wa tawi alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa na uwezo wa kusamehe hata shilingi.”

Alipompata afisa aliyeshika faili, jibu la kwanza lilikuwa fupi: benki inataka deni lote. Hakubishana naye. Alirudi Nakuru akatayarisha bahasha mpya yenye karatasi sita.

Ya kwanza ilikuwa barua ya mwenye shamba mwenyewe, ukurasa mmoja, ikieleza kilichoangusha biashara. Ya pili ilikuwa nakala ya daftari la madeni na taarifa za akaunti za miezi 12, kuonyesha kwamba hakuna pesa zilizofichwa. Ya tatu ilikuwa ripoti ya mthamini, na hapa alikuwa mwangalifu kutumia mthamini aliye katika orodha ya benki hiyo ili wasidai nyingine. Ya nne ilikuwa barua ya mnunuzi na ushahidi wa pesa zake. Ya tano ilikuwa idhini ya mke.

Ya sita ndiyo anayoamini iliwageuza nia. Ilikuwa hesabu ya kulinganisha njia mbili.

Bei ya soko, kulingana na mthamini, ilikuwa Sh4.8 milioni. Bei ya mnada aliikadiria kuwa Sh3.6 milioni. Kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana, na kinasema mali ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, itachukuliwa kuwa benki imekiuka wajibu huo, hadi ithibitishe vinginevyo. Mwenye mali aweza kwenda kortini kuomba mauzo yabatilishwe. Asilimia 75 ya Sh4.8 milioni ni Sh3.6 milioni kamili.

Kwa hivyo mnada ungeiletea benki Sh3.6 milioni, kabla ya kutoa gharama za dalali, matangazo na wakili, pamoja na hatari ya kesi. Mnunuzi wa Molo angetoa Sh4.5 milioni. Ukitoa Sh70,000 za wakili wa muuzaji na Sh90,000 za ajenti, benki ingebaki na Sh4.34 milioni. Tofauti ilizidi Sh700,000.

“Sikuwaomba huruma. Niliwaonyesha kwamba wakikataa, wao ndio watakaopoteza,” asema. Malipo yake ya kawaida ni asilimia tatu ya bei. Katika kazi hii alijipunguzia hadi asilimia mbili, kwa sababu alijua afisa angeangalia kwanza ajenti anabeba ngapi.

Tangazo gazetini

Mwezi wa Aprili ulipita, Mei ukapita. Afisa alisema ombi liko mbele ya kamati. Mnunuzi alianza kuonyeshwa shamba jingine huko Elburgon. Ajenti alimpigia simu kila Ijumaa, hata kama hakuwa na habari, na alihakikisha kwamba asilimia 10 aliyolipa imewekwa kwa wakili na wala si mkononi mwa muuzaji. Mkataba ulikuwa na sharti: benki ikikataa, anarudishiwa pesa zake zote.

Jumatatu moja mwanzoni mwa Juni, mama wa boma alipigiwa simu na jirani. Shamba lao lilikuwa limetangazwa gazetini. Mnada ungefanyika baada ya wiki mbili.

Kumbe afisa mmoja alikuwa akishughulikia ombi la kuuza, na mwenzake katika idara iyo hiyo alikuwa ameshampa dalali kazi miezi miwili awali. Hakuna aliyewaambia wawili hao wasemezane. Notisi ya dalali ilikuwa imefika kwa mzee mwezi wa Aprili, naye akadhani imebatilishwa na mazungumzo.

Ajenti na wenye shamba walipanda matatu ya alfajiri hadi Nairobi. Walibeba gazeti, nakala ya ombi lenye muhuri wa kupokewa, na barua ya wakili iliyosema kwamba iwapo mnada utaendelea ilhali kuna mnunuzi wa bei ya juu, wangeiomba korti iusimamishe. Waliketi kwenye benchi ya mapokezi kuanzia saa mbili asubuhi. Saa tisa alasiri waliondoka na barua ya kumwagiza dalali asimamishe mnada kwa siku 30.

Siku ya tisa baadaye, jibu la kamati lilitoka. Benki ilikubali.

Barua ilivyosema

Wengi wangesherehekea hapo. Ajenti alisoma barua mara tatu, kisha akakataa mteja wake asiisahihishe.

Barua ilisema benki “inakubali mauzo kwa Sh4.5 milioni”. Haikusema lolote kuhusu salio. Deni lilikuwa limefika Sh5.1 milioni. Hati ya rehani ikifutwa na salio lisitajwe, benki bado ingeweza kumshtaki mzee kudai zilizobaki, au kumfuata shemeji yake aliyekuwa mdhamini.

Alidai pia taarifa kamili ya akaunti. Ndani yake alikuta ada ya uthamini ya Sh38,000 imetozwa mara mbili. Iliondolewa, deni likawa Sh5,062,000. Baada ya benki kupokea Sh4,340,000, salio lingekuwa Sh722,000. Katika mazungumzo ya wiki moja, benki ilifuta Sh410,000 za faini za kuchelewa. Zilizobaki, Sh312,000, zingelipwa kwa miezi 24, Sh13,000 kila mwezi, bila riba. Barua ya pili iliandika hayo yote, ikamwachilia mdhamini, na kusema kwamba mnada umefutwa.

Ndipo sahihi zikatiwa. Idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, inayohitajika kwa shamba la kilimo, ilipatikana Julai, na mnunuzi akakamilisha malipo Septemba 2019.

Ushauri kwa aliye na deni

Ajenti asema tangu wakati huo amepitia njia hiyo na wateja wengine, na si wote waliofaulu. Waliofeli karibu wote walikuja wakati tangazo lilikuwa tayari gazetini.

Anashauri mkopaji aende benki notisi ya kwanza inapofika, aulize ni nani hasa anayeshika faili yake, na kila barua apelekayo igongwe muhuri wa kupokewa. Asichukue pesa za mnunuzi mkononi. Anapochagua ajenti, ahakikishe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Maajenti wa Nyumba na Mashamba. Notisi ya dalali isipuuzwe kwa sababu ya mazungumzo, kwani mazungumzo hayasimamishi siku kuhesabiwa. Na asitie sahihi barua yoyote ya benki isiyotaja mambo matatu: mnada, salio na mdhamini.

Mzee wa Njoro alimaliza malipo yake ya mwisho mwaka wa 2021. Siku hizi yeye na mkewe wanaishi katika nyumba ya kukodi karibu na soko. Agroveti ingali wazi, ndogo kuliko zamani, na mama ndiye anayeshika funguo za droo. Juu ya kaunta wamebandika karatasi: hakuna mkopo.

Shamba huwapita kila wanapokwenda kanisani. Ajenti asema alimuuliza mama iwapo humuuma.

“Aliniambia humuuma,” asema. “Lakini akasema afadhali aliyenunua alikuja nyumbani, akanywa chai na kutuaga, kuliko kununuliwa na mtu tusiyemjua kwa nyundo.”