Daladala: Nauli hupanda, hesabu ya tajiri hubaki palepale

MTU mwenye akiba ya kununua Coaster iliyotumika na kuiingiza njia za Mbagala au Tegeta huanza kwa kuuliza nauli ni shilingi ngapi. Hilo ni swali la abiria. Tajiri wa daladala hapokei nauli, hupokea hesabu, yaani kiasi alichokubaliana na dereva kiletwe kila siku, gari lijae au lisijae. Mafuta na ujira wa wapiga debe hutoka kwenye makusanyo ya siku, na kinachobaki baada ya hesabu ndicho riziki ya dereva na konda. Matairi, bima na injini ikifa ni juu ya tajiri.

Biashara hii ilipata ruhusa mwaka 1983, magari ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) yaliposhindwa kubeba watu wote. Nauli ya magari binafsi ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala, na jina likabaki hapo. Siku hizi nauli hupangwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Jambo la kuangalia ni jinsi nauli hizo zinavyopangwa kwa umbali. Mei 2022 nauli ya hadi kilomita 10 ilipandishwa kutoka Sh. 400 hadi 500, na ya kilomita 30 kutoka Sh. 750 hadi 850. Kwa hiyo safari ya kilomita 10 iliingiza Sh. 50 kwa kilomita, ndefu Sh. 28 tu na senti. Dereva akiikata ile ndefu vipande vitatu, kila kiti kilicho na mtu humletea Sh. 1,500 badala ya 850. Kukatisha njia ni kosa, na wanaokamatwa huadhibiwa, lakini aliyebanwa na hesabu hupiga mahesabu hayo haraka kuliko karani wa benki. Desemba 2023 nauli ya kilomita 10 ilipanda tena hadi Sh. 600.

Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara anayewahi ndege. Uwanja wa Julius Nyerere uko Ilala, kando ya Barabara ya Nyerere, yapata kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, ilhali Barabara ya Kilwa inayotoka Mbagala na ile ya Bagamoyo inayotoka Tegeta zote zinaelekea mjini. Kwa kawaida abiria wa Mbagala hushuka Tazara, akadandia gari la Gongo la Mboto, akalipa nauli ya pili, na mara nyingi konda hudai na ya mzigo. Huteremshwa barabarani, na jengo la tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, liko ndani sana, hivyo kuna bodaboda ya kulipia. Gari la kwanza likikatisha njia, nauli zinakuwa tatu. Aliyekata tiketi ya Guangzhou hawezi kumweleza rubani habari hizo.

Kwa mwekezaji, Barabara ya Nyerere inavutia kwa kuwa abiria hawakauki, lakini ndiyo iliyopangiwa awamu ya tatu ya mabasi yaendayo haraka, hadi Gongo la Mboto. Awamu ya kwanza ilipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, daladala za Barabara ya Morogoro zilihamishiwa njia nyingine. Gari halikupotea, ila hesabu ya njia mpya haikuwa lazima ilingane na ya zamani, na rejesho la mkopo halihamishwi pamoja na gari.

Hivyo anayekopa anunue gari la njia hiyo apige hesabu ya muda mfupi, na makubaliano yake na dereva yataje mapema hesabu itaongezwa kiasi gani nauli ikipanda. Wengi huliacha jambo hilo mpaka bei ya matairi iwakumbushe.